Ogutu Alivyomlisha Mdogo Wake

Miaka ile ya hamsini, ukimtajia mtu wa Kawangware jina la Ogutu, kwanza aligeuka kutazama kama mwenyewe hayuko karibu. Mtu yule alikuwa na mkono mwepesi kupita kiasi. Kazi yake ilikuwa kuchonga mawe ya kujengea nyumba za Wazungu kule Kileleshwa na Woodley, na nyundo ilikuwa imempa mabega ya kuziba mlango. Alimvunja fundi mwenzake meno kwa sababu ya debe la maji. Alimtoa damu mwenye nyumba wake siku ya Krismasi, tena wametoka kanisani wote wawili, nguo safi mwilini. Vitani Burma alifundishwa kuua mtu kwa mikono mitupu, na aliporudi hakuna aliyejisumbua kumfundisha kuacha.

Mkewe Peres alikuwa akiulizwa anaishije na mtu kama huyo katika chumba kimoja. Alicheka tu. "Huyo? Ngojeni Tobias aje Jumapili. Mtamwona akimbembeleza mtu mzima ale."

Tobias alikuwa mdogo wake wa pekee. Walizaliwa Samia, huko mpakani na Uganda, na mama yao alikufa Tobias akiwa hajaacha ziwa. Baba alikuwa ametangulia. Mjomba mmoja alikuja kumchukua yule mtoto akalelewe mbali, na Ogutu, ambaye hata ndevu hakuwa nazo, alimng'ata mkono mpaka meno yakagusana. Mjomba akaondoka akitukana. Tangu siku hiyo Ogutu ndiye aliyekuwa baba na mama. Alimtafunia ugali akamtia kinywani. Alipiga kila mtoto aliyemgusa Tobias, na kila mzazi aliyekuja kulalamika alipigwa mawe kutoka juu ya mti. Kwa Ogutu kupenda kulikuwa mambo mawili tu, kumlisha mtu na kumpigania, na la tatu hakulijua.

Alipokua, Tobias alikuwa kijana mpole, wa kucheka, aliyekwenda kuwa mpishi katika nyumba ya Bwana Holdeni huko Kileleshwa. Ogutu mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Aliona fahari, nawaambia! "Mdogo wangu anavaa kanzu nyeupe," alijisifu, "anapika nyama ya ng'ombe kila siku."

Basi ikaja hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, na mwaka wa hamsini na nne ukaja ule msako mkubwa. Askari walizingira mji, wakawatoa Wakikuyu majumbani kwa mateke na vitako vya bunduki, wakawapakia malori kama magunia. Mtunza bustani wa Bwana Holdeni alichukuliwa akiwa na mkebe wa maji mkononi. Aliposema anaomba avae viatu, alipigwa kitako cha bunduki mdomoni, akapandishwa lori peku, damu ikimtiririka kifuani. Tobias aliyaona hayo kwa dirisha la jikoni.

Baada ya siku chache mke wa mtunza bustani, Wanjugu, alitokea nyuma ya jiko. Alikuwa amejificha makorongoni, uso umevimba kwa njaa. Tobias hakufikiri mara mbili. Alimpa nusu ya mkate na nyama baridi iliyobaki mezani. Memsahibu alikuwa amesimama dirishani, akaona kila kitu.

Ogutu aliitwa kutoka kwenye mawe yake, nyumba ya tatu tu kutoka hapo. Alimkuta Tobias amesimamishwa uani, kanzu imeraruliwa shingoni, na Bwana Holdeni amekaa barazani na bastola mapajani.

"Wewe ndugu yake?" Bwana alisema kwa Kiswahili chake kile kile cha kuamuru. "Huyu nalisha Mau Mau. Mimi naita polisi sasa hivi."

Mwaka ule kumpa chakula mtu wa msituni halikuwa kosa la kuchekewa. Watu walinyongwa kwa machache kuliko hayo. Na hata usiponyongwa, ukiingia kambini ulitoka bila meno, au bila akili, au hukutoka.

"Bwana, usiite polisi," alisema. "Kwetu kijana akikosa, anaadhibiwa na mkubwa wake. Nipe mimi. Nitamtia adabu mpaka asahau jina lake."

Bwana akawasha kiko. "Piga yeye hapa. Mimi nataka ona. Kama wewe piga kidogo-kidogo, polisi nakuja."

Ogutu akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akamlaza mdogo wake kifudifudi kwenye nyasi. Alijua kupiga, huyo. Alijua pa kuvunja mtu na pa kumwacha mzima. Alikwepa kichwa, akakwepa kiuno na mbavu, akachagua mapaja na matako, penye nyama, maana nyama huvimba ikapona. Lakini alipiga kweli. Angefanyaje? Mpini ulishuka, ukashuka, ukashuka, na kila ulipotua ulitoa sauti ya mtu anayepiga godoro lililolowa.

Tobias hakulia. Hapo ndipo balaa ilipozidi. Yule kijana mpole alikuwa na kiburi chake, akauma nyasi akanyamaza.

"Yeye hapana lia," Bwana alisema.

Ogutu akainama, jasho likimdondokea Tobias shingoni, akamnong'oneza kwa lugha yao, "Lia, mjinga wewe! Lia nikuache!" Tobias akatikisa kichwa. Ogutu akapandwa na wazimu. Alimpiga kwa kumwogopea, alimpiga kwa kumkasirikia kwamba halii, alimpiga kwa hasira aliyokuwa nayo kwa Mzungu pale juu na asiyoweza kumfikishia. Suruali ilipasuka. Ngozi ikapasuka. Mwishowe mpini wenyewe ukakatika, na Tobias akapiga ukelele mmoja mrefu uliomfanya Memsahibu, huko ndani, afunge dirisha.

"Basi," Bwana akasema, akaingia kunywa chai.

Ogutu alimbeba mgongoni mpaka Kawangware. Njiani analia yeye, aliyepigwa kimya. Peres alipoona yale mapaja alimtupia mumewe sufuria ya maji ya moto, ikamkosa kidogo tu. "Umemuua!" alimfokea. "Nimemwokoa," Ogutu alijibu, na hakuwa anasema uongo. Ndivyo alivyoamini.

Kesho yake mapaja yalikuwa yamevimba, yamekazana, meusi. Tobias akaomba kopo akojoe. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama chai ya rangi iliyokaa sana jikoni. Siku iliyofuata yalitoka matone. Halafu hayakutoka hata matone. Kijana akaanza kutapika na kuvimba uso. Ogutu akamfunga kwenye baiskeli ya jirani na kumsukuma mpaka hospitali kubwa ya mjini, akimtukana kila aliyechelewa kumpisha.

Huko wodini alikutana na dresa mmoja wa Kikamba, msaidizi wa daktari mwenye kazi ya kufunga vidonda, jina lake Kisilu, mfupi, mwenye subira ya ajabu. Na ilihitajika subira, maana siku ya kwanza tu Ogutu alimpiga mfanyakazi wa wodi ngumi ya kifua akamlaza chini ya kitanda. Sababu? Alimkuta anamlisha Tobias siagi iliyokorogwa na sukari. Siagi na sukari, asubuhi na jioni! Hata maji wanampimia kwa kikombe kidogo.

"Mnamwua kwa njaa!" Ogutu alinguruma, wagonjwa wakajifunika blanketi. "Hicho ni chakula cha mtu?"

Askari wa getini walikuja na marungu yao. Kisilu akawasimamisha kwa mkono, akamshika Ogutu bega, akamketisha kwenye benchi la nje.

"Sikiliza, mzee," alimwambia. "Nyama ya mapaja ikipondwa vile, uchafu wake unaingia kwenye damu, unaenda kuziba figo. Unajua kazi ya figo?"

"Kutengeneza mkojo."

"Mkojo ni njia tu. Kazi yake ni kupima. Wewe leo ukila samaki wa chumvi, figo zinaitoa iliyozidi. Ukikaa siku nyingi bila chumvi, zinaishikilia ile kidogo uliyo nayo, hazikubali ipotee. Ndiyo maana unakula unavyotaka na damu yako haiharibiki. Na iko chumvi nyingine, ambayo huioni mezani. Daktari anaiita potasiamu. Imo kwenye ndizi, maharagwe, viazi, nyama. Mtu mzima akila mkungu wa ndizi peke yake, figo zinaikojoa ziada, basi, amelala usingizi wake. Lakini za Tobias zimesimama. Anachokula kinabaki humo humo. Na hiyo ikijaa kwenye damu, moyo unasimama. Haupigi kelele. Unasimama tu."

Ogutu hakupenda maneno hayo, ila yule mtu mfupi alisema bila kumdharau.

"Sasa asile nini?"

"Asile chumvi. Asile nyama, ndizi, maharagwe, viazi. Sukari na siagi haviachi taka nyingi, ndiyo maana tunampa hivyo. Tunangoja figo ziamke. Zinaamka, mzee. Nimewahi kuona."

Kuanzia hapo Ogutu alikuja kila saa ya kuona wagonjwa, na vumbi lake la mawe, akakaa kando ya kitanda. Mgonjwa mmoja aliyelalamika kwamba Tobias anatapika sana aliambiwa atapasuliwa kichwa akilalamika tena. Tobias alikuwa anakonda usoni huku amevimba miguu. Walikuwa hawazungumzi sana. Ogutu alitaka kusema neno kuhusu ule mpini wa jembe, ila neno lenyewe hakuwahi kulitumia maishani, akashindwa lianzie wapi. Badala yake aliuliza, "Umekula?" Tobias akasema amekula. "Umekula nini?" Siagi. Ogutu akasaga meno.

Halafu siku moja alimkuta Kisilu anacheka mlangoni. Alikuwa ameshika chupa ya mgonjwa, na ndani yake kuna mkojo. Kidogo, wa manjano, mkojo wa kweli.

"Zimeanza kuamka," Kisilu alisema. "Bado ni dhaifu, zinatoa maji tu, kupima hazijaweza. Siku chache nyingine, asikosee kula, utamrudisha nyumbani."

Lo, Ogutu alivyofurahi! Alimkumbatia yule dresa akamwinua miguu ikaning'inia. Alirudi Kawangware akitembea kama mlevi, na akilini mwake jambo moja tu: Tobias ameanza kupona, basi anahitaji nguvu. Mtu hawezi kutengeneza mkojo kwa siagi.

"Mpikie mboga za kunde," alimwambia Peres. "Na ugali."

"Amekatazwa chumvi," Peres alisema.

"Nani amesema chumvi? Tia munyu."

Sasa, kwa asiyejua mambo ya Samia, munyu ni huu. Unachoma mabua makavu ya maharagwe na maganda ya ndizi mpaka yawe majivu meupe. Majivu unayatia kwenye chungu chenye matundu, unamwagia maji, na yale yanayodondoka chini, ya rangi ya chai, ndiyo unayopikia mboga. Zinalainika, zinapata ladha. Nyanya yake Ogutu aliwapa wagonjwa wote mboga za munyu, na mzazi aliyejifungua, na mtu aliyetoka kupigwa. Ogutu na Peres hawakuwahi hata siku moja kuuita chumvi. Chumvi ilikuwa ile nyeupe ya dukani, ya Mhindi. Naye Kisilu alitoka Ukambani. Kunde hakumtajia Ogutu kwa kuwa alidhani hakuna atakayezileta, na munyu huo wa majivu hakuukataza kwa kuwa hakuwahi kuusikia.

Peres alisitasita. "Muulize kwanza yule dresa."

"Nimuulize dresa namna ya kumlisha mtoto niliyemlea?" Ogutu aliinua mkono, na Peres akawasha moto. Alipika bakuli kubwa, munyu mwingi, jinsi Tobias alivyokuwa akipenda utotoni.

Ogutu aliliingiza bakuli chini ya koti la jeshi. Ilikuwa alasiri, wodi imejaa wageni, Kisilu yuko upande mwingine anafunga vidonda. Alifunua bakuli, harufu ya nyumbani ikapanda, na macho ya Tobias yakajaa machozi.

"Kaka, nimekatazwa."

"Umekatazwa chumvi. Hii haina chumvi. Kula."

"Kisilu amesema nisile chochote cha nje. Nilimwahidi. Siwezi."

"Tobias, kula!"

"Sitaki, kaka."

Mkono wa Ogutu ukainuka. Uliinuka wenyewe, kama ulivyozoea. Na Tobias, ambaye utotoni hakuwahi kumwogopa hata kidogo, akajikunyata, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Ogutu aliona. Ilimchoma, nawaambia, ilimchoma kuliko risasi ya Burma. Lakini kijana alikuwa ametoa mkono mmoja na kuchovya tonge, akaanza kula haraka haraka, akimtazama usoni. Ogutu akaona, haya basi, muhimu ni kwamba anakula. Akaushusha mkono. Tobias alimaliza lote, akageuza bakuli kumwonyesha kuwa ni tupu.

"Nimemaliza, kaka."

Kesho yake Ogutu alileta bakuli jingine. Tobias alikuwa amelegea, kichwa kinaelemea ukutani. Alisema midomo imekufa ganzi na mikono ni mizito. "Ni njaa hiyo," Ogutu alimwambia. "Siagi imekumaliza." Tobias akatikisa kichwa, kwamba hapana, hataki. Ogutu akakunja ngumi, akaiweka tu juu ya blanketi pale alipoweza kuiona. Na safari hii, kwa kuwa mikono ya Tobias haikuwa na nguvu, Ogutu mwenyewe alimtia tonge kinywani, moja baada ya jingine, taratibu, akimfuta kidevu. Alikuwa na furaha. Alikuwa anasimulia jinsi watakavyokwenda Samia mwisho wa mwaka.

Tobias alimeza, akavuta pumzi, na kichwa kikaanguka kifuani. Hakupiga kelele. Ogutu akamtikisa. Akampiga kofi la shavu, la pili, akamwita kwa sauti iliyosimamisha wodi nzima. Kisilu akaja mbio, daktari akaja na sindano, wakamkandamiza kifua. Wapi! Daktari akamfunika shuka akaondoka.

Ogutu alisimama wima. Nyundo yake ya mawe ilikuwa kwenye mfuko wa kazi, chini ya kitanda. Akaitoa. Wagonjwa wenye miguu wakakimbia. Kisilu akasimama mlangoni.

"Nipishe."

"Unaenda wapi?"

"Kileleshwa. Aliyemuua mdogo wangu anakunywa chai saa hizi. Nitampasua fuvu barazani kwake, na mkewe akija nitampasua na yeye."

"Watakunyonga."

"Waninyonge! Nipishe, au nianze na wewe."

Kisilu hakusogea. Alikuwa ameokota bakuli lililoangukia sakafuni. Mchuzi ulikuwa umebaki chini, mweusi mweusi. Akachovya kidole, akaonja, akakunja uso.

"Hii umetia nini?"

"Munyu. Siyo chumvi, nilikusikia vizuri."

"Munyu gani?"

Ogutu, nyundo mkononi, akamweleza: mabua ya maharagwe, maganda ya ndizi, majivu, maji. Alieleza kwa hasira, kwa ufupi, anataka apishwe. Na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Kisilu ulivyobadilika. Yule mtu angeweza kunyamaza. Angenyamaza, Bwana Holdeni angekufa jioni ile, na Ogutu angekwenda kwenye kitanzi akijiona ametenda haki.

"Ogutu," alisema, "Mzungu hakumuua. Zile fimbo Tobias alikuwa amezishinda. Leo asubuhi amekojoa kuliko jana. Ile chumvi niliyokwambia, ya ndizi na maharagwe, inayosimamisha moyo. Ukivichoma haiungui. Inabaki kwenye majivu, na maji yanaibeba yote. Ndiyo hiyo uliyompa."

Ngumi ilimkuta Kisilu mdomoni. Alianguka, akainuka ameshikilia fremu ya mlango, akatema damu na jino. "Nipige tena," alisema, "lakini sitakwambia uongo. Angekaa siku chache tu na siagi yake."

Ogutu alimtazama. Nyundo ikamtoka mkononi, ikagonga sakafu ya saruji. Alikaa chini pale pale, mgongo ukiegemea kitanda cha mdogo wake, magoti yamekunjwa.

"Aliniahidi hatakula cha nje," Kisilu alisema, akijifuta kwa kitambaa. Sasa naye alikuwa analia. "Aliniahidi yule kijana. Kwa nini hakukataa?"

"Alikataa," Ogutu alisema. "Jana alikataa, na leo alikataa. Nilimwonyesha ngumi, akala."